Tundu Tupu Jikoni

Hadithi nitakayoieleza katika kurasa hizi ni fupi. Msomaji mwepesi aweza kuimaliza kwa muda wa vipindi viwili vya darasani, na karibu mambo yake yote hutukia katika jiko moja la nyumba ya shamba. Hamna bastola, hamna mbio, hamna askari arukaye ukuta. Aliyeuawa amekwisha kuuawa kabla ya ukurasa wa kwanza, na anayeshukiwa yumo kifungoni, wala hatumwoni uso hata mara moja. Walakini katika hadithi zote nilizozisoma juu ya mwanamke na jinai, sijaona iliyonishika kuliko hii. Na tangu nianze kuifundisha haujapita mwaka ambao darasa halikugombana juu yake.

Jina lake ni "A Jury of Her Peers", maana yake baraza la waamuzi walio wenzake. Mtungaji ni Susan Glaspell, mwanamke wa mji wa Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani. Kwanza aliyatunga mambo haya kuwa mchezo wa kuigiza wa tendo moja, uitwao "Trifles", ndiyo kusema Vitu Vidogo. Mchezo huo ulichezwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1916 katika mji wa Provincetown, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wachezaji. Mwaka uliofuata, 1917, aliugeuza kuwa hadithi.

Ewe msomaji, usilipite jina hilo upesi. Ni desturi ya zamani katika sheria ya Kiingereza, ambayo Wamarekani waliirithi, kwamba mtu ashtakiwapo kwa kosa kubwa asihukumiwe na hakimu peke yake, bali raia 12 walio sawa naye wasikilize ushahidi na kusema kama ana hatia au hana. Lakini katika Iowa ya 1917 mwanamke hakuwa na ruhusa ya kuketi miongoni mwa hao 12. Wanawake wa nchi ile walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu mwaka 1920. Basi mwanamke aliyeshtakiwa alihukumiwa na wanaume 12, na hao ndio walioitwa wenzake. Jina lina kejeli, na hadithi nzima imejengwa juu ya kejeli hiyo.

Sasa tuingie jikoni. Ni mwezi wa Machi, na upepo wa kaskazini unakata kama wembe. Martha Hale, mke wa mkulima, ameitwa ghafula aache unga wake nusu umechekechwa. Anapanda gari la farasi pamoja na mumewe, na sherifu wa wilaya aitwaye Peters, na mke wa sherifu, na mwendesha mashtaka. Wanakwenda katika nyumba ya jirani aitwaye John Wright, iliyo bondeni, pahali pa upweke. Jana yake Bwana Hale alipita pale kumshauri Wright juu ya kuvuta simu kwa pamoja, akamkuta mkewe ameketi katika kiti cha kubembea, akiikunja aproni yake mikunjo midogo midogo. Alipomwuliza mumewe yu wapi, alijibu kwamba yumo ndani, lakini haonekani kwa kuwa amekufa. Amekufa kwa nini? Kwa kamba shingoni. Naye mke, ambaye alikuwa amelala kitanda hicho hicho, asema hakuamka.

Wanaume wanapanda juu chumbani kutafuta ushahidi, kisha wanakwenda nje ghalani. Wanachokitaka zaidi ni sababu, yaani jambo litakaloonyesha kwamba mke alikuwa na hasira au kisasi moyoni. Wanawake wawili wanaachwa jikoni wakusanye nguo chache za kumpelekea mfungwa. Kabla ya kuondoka, mwendesha mashtaka anatazama masufuria machafu na taulo lenye doa, anatoa neno la dharau juu ya usafi wa mwenye nyumba, na wote wanacheka kwa kuwa mwanamke yule, ingawa ameshtakiwa kwa kuua, anahangaika juu ya chupa zake za matunda zisije zikapasuka kwa baridi. Na kweli zimepasuka, isipokuwa moja.

Hapo ndipo ustadi wa Glaspell huanza. Wale wanawake hawatafuti kitu. Wanaona tu, kwa kuwa macho yao yamezoea jiko. Meza imepanguswa nusu. Sukari imemiminwa nusu katika ndoo, nusu imebaki. Bibi Hale ameacha unga wake vivyo hivyo asubuhi ile, kwa hiyo anajua kwamba mwanamke haachi kazi katikati ila kwa jambo zito. Wanaliona jiko la moto limevunjika. Anafikiri ingekuwaje kupika juu ya chombo kile mwaka baada ya mwaka. Wanaiona sketi nyeusi iliyotiwa viraka na kutengenezwa mara nyingi, naye Bibi Hale anamkumbuka mwenye sketi hiyo alipokuwa msichana, Minnie Foster, aliyevaa vizuri na kuimba katika kwaya, miaka 20 iliyopita.

Kisha wanaviona vipande vya mfarishi. Mfarishi ni blanketi la vipande vingi vya nguo vilivyoungwa kwa sindano, na wanawake wa mashamba ya kule walishona wakati wa baridi. Vipande vyote vimeshonwa kwa mishono mizuri iliyo sawa, ila kimoja. Hicho mishono yake imekwenda huku na huku kana kwamba aliyeshona hakujua afanyalo. Bibi Hale anakitazama, kisha, bila kusema mengi, anaifumua mishono ile mibaya na kuanza kuishona upya.

Na mwisho wanaliona tundu la ndege. Mlango wake umevunjwa bawaba, na ndani hamna kitu. Baadaye, katika kikapu cha ushoni, wanakuta kisanduku kizuri, na ndani yake, katika kipande cha hariri, ndege mdogo wa jamii ya chiriku, amesokotwa shingo.

 Hawaambiani waziwazi kwamba Wright alimwua ndege, na mke akamwua Wright kwa namna ile ile. Glaspell anawaacha watazamane macho, nasi tunafahamu. Wasomaji wangu wengine huudhika hapa. Wanataka waambiwe wazi. Mimi nasema kwamba kama angeeleza, angeiharibu. Uhodari wa hadithi hii ni kwamba sisi tunafanywa kuwa wapelelezi pamoja na wanawake wale, na tukikwisha kufahamu tunakuwa na mzigo kama wao: tunajua, je, tuseme?

Mambo haya yana asili katika jinai ya kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1900, mkulima mmoja wa Iowa aitwaye John Hossack alipigwa kwa shoka kichwani akiwa kitandani. Mkewe Margaret alisema alikuwa amelala ubavuni pake, akaamshwa na kishindo. Susan Glaspell wakati ule alikuwa kijana, mwandishi wa gazeti la mji wa Des Moines, naye ndiye aliyeipeleka habari ya kesi ile gazetini siku baada ya siku. Mwezi wa Aprili 1901 baraza la wanaume 12 lilimtia Margaret hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Mwaka 1902 mahakama kuu ya jimbo iliitengua hukumu hiyo. Akashtakiwa tena mwaka 1903, na mara hii waamuzi hawakupatana, tisa wakisema ana hatia na watatu wakikataa, basi akaachiliwa. Nani hasa aliyelishika shoka lile, hata leo haijathibitika.

Sasa fikiri sana juu ya jambo moja katika kesi ile, maana kwangu mimi ndilo ufunguo wa hadithi. Margaret Hossack alikuwa amewaendea majirani zamani, akawalalamikia ukali wa mumewe na kuomba msaada. Majirani waliitwa mahakamani kuyasimulia malalamiko hayo. Je, yalimsaidia? Yalimdhuru! Upande wa mashtaka uliyashika na kusema, hii ndiyo sababu ya kuua. Upande wa kumtetea, pamoja na watoto wake, ulijitahidi kuonyesha kwamba ugomvi ulikuwa umekwisha muda mrefu na nyumba ilikuwa na amani. Tazama mtego huo. Mwanamke akiteswa na kunyamaza, hapati msaada. Akiteswa na kusema, maneno yake yanawekwa akiba yawe ushahidi juu yake.

Kwa hiyo darasa linaponiuliza kwa nini Bibi Hale na Bibi Peters waliuficha ushahidi badala ya kuupeleka mbele na kusema, tazameni jinsi alivyoonewa, huwajibu kwa habari hii ya Hossack. Katika mahakama ile ndege aliyekufa asingesomwa kuwa alama ya mateso. Angesomwa kuwa kile kile alichokuwa akikitafuta mwendesha mashtaka. Kisanduku kile kingekuwa kitanzi.

Lakini tusiishie katika sheria, kwa kuwa hadithi hii ni ya nafsi kuliko ya sheria. Kuna neno kiwewe. Zamani tulilitumia kwa mtu aliyepotewa na akili kwa hofu ya ghafula, na leo waganga wa akili hulitumia kwa jeraha libakilo moyoni baada ya mateso. Glaspell hakuwa mganga, na wakati wake elimu ya jeraha hili ilikuwa changa. Walakini angalia alivyomchora Minnie Wright bila kumleta mbele yetu. Anakaa katika kiti, anakunja aproni. Anaulizwa habari ya kifo naye anajibu kama aulizwaye habari ya mvua. Akisikia kwamba Hale alikuja kwa ajili ya simu, anacheka, kisha anaacha kucheka na kutazama kwa hofu. Sherifu na mwendesha mashtaka huuona utulivu huo kuwa hila au ugumu wa moyo. Mtu aliyepata kumwona mfiwa asiyeweza kulia, anayezidi kuulizia chumvi na kuni huku maiti imelazwa ndani, hataharakisha kusema hivyo.

Na tazama kwamba Wright hatuonyeshwi akimpiga mkewe. Hakuwa mlevi, alitimiza ahadi na kulipa madeni yake. Majirani walimwita mtu mwema. Glaspell angeweza kumfanya mlevi mwenye fimbo, na kazi yake ingekuwa nyepesi, nasi tungemchukia mara moja. Badala yake alimfanya mtu baridi, asiyependa sauti, katika nyumba isiyo na mtoto wala jirani. Aliyekuwa akiimba aliacha kuimba. Alipompata ndege akamwimbia, na huyo naye akanyamazishwa. Mateso ya namna hii hayaachi alama mwilini ambayo askari aweza kuiandika katika daftari, na hata waandishi hodari huyakwepa kwa kuwa ni magumu kusimulia. Waandishi waliokuja baada yake, wale wanaojiita watetezi wa wanawake, wamechota sana kisimani humu.

Bibi Peters ndiye apasaye kutazamwa zaidi, ingawa wanafunzi humpenda Bibi Hale. Ni mke wa sherifu. Mwendesha mashtaka anamwambia kwa mzaha kwamba ameolewa na sheria. Mwanzoni anayatamka maneno ya mumewe: sheria ni sheria. Ni mwoga, mdogo wa mwili, mpole wa sauti. Lakini akimwona ndege, linamrudia jambo la utotoni: mvulana mmoja alimwua paka wake mdogo kwa kishoka mbele ya macho yake, na asingalishikwa na watu, angalimdhuru yule mvulana. Baadaye anakumbuka tena jinsi mtoto wake wa kwanza alivyokufa, wakikaa mbali katika nyika ya Dakota, na ukimya ulioijaa nyumba baada ya hapo. Hayo aliyazika miaka mingi. Ndege mfu anayafukua. Hivyo jeraha la mwanamke mmoja linalifunua jeraha la mwingine. Na kwa njia hiyo, wala si kwa hoja, mke wa sherifu anakuwa mwamuzi. Anajaribu kukitia kisanduku katika mfuko wake, lakini hakienei. Ni Bibi Hale anayekinyakua na kukificha katika koti lake, wakati mlango unafunguka.

Je, walifanya haki? Nimeahidi kwamba darasa hugombana, na sitakuficha mgogoro wenyewe. Mwaka mmoja msichana mmoja, hodari na mkaidi, alisimama akaniambia: "Mwalimu, na John Wright je? Naye ni mtu. Mtu amenyongwa usingizini, na hawa wawili wamekaa jikoni wakamhukumu bila kumsikiliza, kama vile wanaume wanavyowahukumu wanawake." Wenzake walimzomea. Mimi nilitaka kumjibu upesi, nikaona sina jibu la upesi. Bado nadhani amekigusa kisigino cha hadithi hii. Glaspell amewafanya wanaume wake wajinga kupita kiasi. Wanapita jikoni mara mbili tatu, wanacheka, wanatoka. Mwendesha mashtaka hodari angaliuliza habari za lile tundu kwa bidii kuliko alivyouliza huyu, anayeridhika akidanganywa kwamba ndege amechukuliwa na paka. Na kwa kuwa wanaume ni wajinga, wanawake hawahitaji kulipa kitu kwa uamuzi wao. Ningalipenda kuona Bibi Peters jioni ile, amekaa mezani na mumewe, akimpakulia chakula. Hadithi imekwisha kabla ya hapo, na sioni kwamba ni kwa hekima tu. Huenda mtungaji naye aliliogopa jambo hilo.

Lakini kuna neno moja ambalo yule msichana hakulitia katika hesabu. Bibi Hale hamwachilii Minnie bila kujishtaki yeye mwenyewe. Aliishi karibu naye kwa miaka 20, wala hakwenda kumtazama, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na furaha. Jambo hilo analiita jinai, na anauliza ni nani atakayeliadhibu. Hapo hadithi inageuka. Tulidhani mshtakiwa ni mmoja, kumbe ni wengi, na jirani aliyekaa kwake akichekecha unga yumo miongoni mwao. Kwetu sisi tuliolelewa kwa mithali za ujirani, sehemu hii huuma.

Usidhani mambo haya ni ya Marekani peke yake. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, katika "Rosa Mistika" ya mwaka 1971, alionyesha msichana apigwaye na baba kwa ajili ya barua ya mvulana, na jinsi kipigo hicho kilivyoupinda moyo wake hata akaishia kujiangamiza. Nawal El Saadawi wa Misri, aliyekuwa daktari wa akili, alizungumza na mwanamke aliyengoja kunyongwa katika gereza la Qanatir, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1975 na kujulikana kwa Kiingereza kuwa "Woman at Point Zero". Huko muuaji mwenyewe ndiye asimuliaye, kwa ukali, bila kuomba huruma. Ni kitabu kizito, na ningekushauri ukisome ukiwa umekua kidogo. Lakini ukivilinganisha utaona tofauti: kwa El Saadawi mwanamke anasema mpaka mwisho, kwa Glaspell hasemi kabisa, na wengine wanajifunza kusoma vitu alivyoviacha.

Katika Kenya yetu hatuna baraza la raia 12, jaji huamua. Kwa miaka mingi aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kusudi hakuwa na hukumu nyingine ila kifo, hata kama maisha yake ya nyuma yalikuwa na mateso ya namna gani. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu hiyo moja tu ni kinyume cha Katiba. Tangu hapo mshtakiwa aweza kuieleza hali yake kabla hukumu haijatolewa, na jaji yampasa kuisikiliza. Nawaza kama Bibi Hale angalikificha kile kisanduku mbele ya mahakama kama hiyo, au angalikipeleka kwa mikono miwili. Swali hilo nimelitoa mara nyingi kuwa insha, na majibu hayajapata kulingana.

Utakapoisoma mwenyewe, usiikimbilie ile sehemu ya ndege. Kaa kwanza pale Bibi Hale anapokishika kile kipande cha mfarishi kilichoharibika. Bibi Peters anamwuliza kwa wasiwasi afanya nini, naye anajibu kana kwamba ni jambo dogo, anatunga uzi katika sindano. Hajamwona ndege bado. Hajui bado kwamba kuna kitu cha kufichwa. Lakini mkono wake umekwisha kuanza kukificha.